Jirani wa Shangazi Anajilinda

Mama Koku mke wangu,

Hamjambo hapo Muleba? Huku Songambele mvua haikatiki, na mimi bado nimeduwaa. Jirani amemng'olea shangazi miramura yote, ile mimea ya mpakani, akamega kipande cha shamba lake chenye migomba kumi na mmoja! Tulipomuuliza, akasema mbuzi wa shangazi walimvamia, na sheria ya kimataifa inampa haki ya kujilinda. Eti kaisikia redioni. Mwenyekiti wa kitongoji alipokuja kuamua, jirani akasema hamtambui.

Shangazi akamuuliza, “Na ndizi zangu unazokula kila Jumapili, mwanangu, nazo huzitambui?”

Hata hivyo hakurudi upande wake wa mpaka. Siondoki mpaka miramura ipandwe upya.

Nimewakumbuka sana. Nisalimie watoto, na mbuzi wetu uwafunge vizuri.

Baba Koku