Patalo za Moustapha

Butembo, Alhamisi asubuhi

Kwa Yaya wangu Sikitu, dada mukubwa ya bwana wangu, huko Beni,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakusalimia kwa heshima yote, na batoto banakusalimia, sana sana Aisha mwenye hakusahau ile kitenge ulimupatia. Goti yako iko je? Ulisemaka kule kwenu joto inaituliza, si kama hii baridi yetu yenye inapanda na ukungu mpaka ndani ya mifupa. Na ile familia ya bakimbizi uliwapa chumba ya nyuma, bangali kwako? Tunasikia habari za barabara zenu na tunawaombea kila swala. Sisi huku tunaamka, tunaswali, tunashukuru. Ningependa niandike kama tuko bazima bote, vile barua zinaanzaka. Sitaandika vile, Yaya.

Najua uliapa. Najua hata ukiona namba yangu mu simu unaiacha ilie mpaka inachoka. Donc nimechukua kalamu, mimi mwenye niliishia mu sixième primaire, darasa ya sita tu, na Jamali, dreva wetu, anashuka Beni leo kupakia mbao. Nimemuambia aiweke mu mukono yako wewe mwenyewe, si kwa mutoto, si kwa jirani. Kabla ya kuipasua, isome mpaka chini. Nakuomba kitu moja tu: ukuje Butembo, uingie tena mu nyumba ya mudogo wako Moustapha. Juu ya nini, nitakuambia. Lakini uniache nianze na mwanzo, juu nikianza na mwisho mukono itanikatala.

Unakumbuka vile tulikuwa banene, mimi na Moustapha. Wewe njo ulitupa lile jina, Fuso na remorque yake, lori na trela, na mutaa muzima ikalichukua. Moustapha hakukasirika. Alisemaka mutu mwenye anabeba mizigo ya batu na gari toka Kasindi, kule mupakani, lazima akuwe na tumbo, bila tumbo matajiri bataona kama hata yeye mwenyewe hajibebi. Mimi nayo nilikuwa nakaa mu mashini yangu ya kushona toka asubuhi, chai ya sukari pembeni, mikati mu sahani, na daktari alikuwa ashaniambia kama sukari ya damu inapanda na moyo inachoka kubeba ile uzito yote. Nilimusikia na sikio moja.

Basi siku moja Moustapha akarudi safari, akaketi, akasema tutaanza sport. Nikacheka mpaka uzi ikatoka mu sindano. Nikamuuliza bamama ba musikiti batasema nini, mutu mwenye anangojea bajukuu anaenda kuruka kamba. Akajibu kama aliisha kuulizia: kuna salle ya mazoezi kule juu ya kilima, coach anaitwa Josaphat, Mukatoliki mwenye shingo kama nguzo lakini mwenye adabu, na bamama beko na saa yao kisha swala ya alfajiri, banaongozwa na mwalimu mumoja, Solange. Akasema yeye ataenda na banaume, mimi na banawake, na mu nyumba tutafanya rejime pamoja, tupunguze chakula.

Yaya, ungeona ile salle ungeanguka na kicheko. Hakuna mashini zenye tunaonaka mu picha. Kuna simenti bamemwanga mu mikebe ya rangi na kuunganisha na fimbo ya chuma, na jante za gari, ile chuma ya ndani ya gurudumu, na kioo kubwa yenye ilipasuka. Moustapha alisema maisha yake yote alikimbia kazi ya kubadilisha pneu, na sasa analipa ili bamuruhusu kuinua jante. Mimi nilivaa robe yangu ndefu, patalo ya Aisha ndani, na kitambaa ya kichwa. Siku ya kwanza Solange aliniangalia nikiruka, akasema, maman Rachida, hiyo si kuruka kamba, hiyo ni kuibariki. Bamama bote bakalala chini na kucheka. Nilirudi nyumbani na miguu ya mutu mwingine. Lakini nilirudi tena, juu bwana wangu alikuwa anarudi.

Mu chakula njo ilikuwa ngumu. Niliacha mafuta ya mawese, niliacha nyama ya kukaanga. Nilikuwa napika mboga ya lengalenga na chumvi tu, maharagi ya Lubero, avoka, na bugali kidogo kama ya mutoto. Nitakuambia ukweli, nilikuwa naficha mikati nyuma ya mashini ya kushona, nakula haraka haraka nikiangalia mulango. Yeye, hapana. Hakuiba hata mara moja. Alikuwa anasogeza sahani ikiwa nusu, anasema imetosha, rejime ni rejime. Nikamupenda kwa ile nguvu ya moyo, na nikamuonea wivu pia. Mimi nilikuwa napunguka kama sabuni ya mawe, yeye kama sabuni mu maji ya moto.

Kisha patalo zikaanza. Alikuwa ananiletea moja, napunguza kiuno. Anarudi na ile ile, nafungua mushono wangu mwenyewe, napunguza tena. Nilikuwa naifanya na furaha, Yaya. Nilikuwa naimba. Wateja bakiniuliza ni patalo ya nani, ninasema ni ya bwana wangu, anafanya sport, muangalie vile anarudi kijana.

Unajua batu ba Butembo. Mwanaume akikonda hapa, kabla jua haijashuka bashasema ama ni ile ugonjwa, ama biashara ilianguka. Mais Moustapha hawakumusema. Alinunua training, nguo ya sport, ya bluu yenye mustari mweupe, akawa anapita nayo mutaa muzima, anasalimia mulango kwa mulango, jasho kwa uso. Batu bakasema, bravo, haji mutarajiwa. Banaume fulani bakaacha bia ao bakaacha kulala mpaka saa mbili ya asubuhi, bakamufuata kilimani. Hata Shehe mu hotuba alisema mwili ni amana, na batu bakageuka kumuangalia yeye. Nilisikia hiyo habari nikaona fahari kama ni mimi nilimuzaa.

Njo wewe ukakuja, siku ya Idi.

Sisahau hata kitu. Ulikuja na bidon ya mawese na kuku wawili bamefungwa miguu, unachechemea juu ya goti, unauliza kwa sauti Fuso iko wapi. Nyumba ilijaa bageni na sahani mu mikono. Moustapha akatoka mu chumba na kanzu mpya. Kanzu inaficha mingi lakini haifiche shingo wala mikono. Ulimushika mukono, na badala ya kumuachilia ukageuza, ukaangalia pale saa yake ilikuwa inacheza kwa mufupa. Ukasema polepole, Moustapha, mutoto wangu, unaisha. Kisha ukaketi pale pale karibu na mulango ukalia. Ulilia kwa sauti, Yaya, vile tunalia mu matanga.

Na sisi tunajua, mutu muzima haliliwi. Mwenye kumulilia mutu anapumua ni kama anamuitia kifo mu nyumba. Bageni bakaweka sahani chini. Mama mumoja akaanza kusoma dua. Na Moustapha, mutoto mwenye ulimubeba mugongoni kisha mama yenu kufa, akakuambia ile maneno. Akasema umetoka Beni kumuletea matanga siku ya furaha. Akasema ni wivu, juu yeye eko mwepesi na wewe goti inakushinda. Akasema machozi yako uende ulilie wafu wako. Wakati udongo ya bwana wako haikukauka bado. Ulisimama, ukafunga kitenge vizuri, ukasema mbele ya bote kama hautakanyaga tena hapa, hata siku ya kumuzika yeye. Chai yako ilibaki pale, haukuigusa.

Mimi sikukukimbilia. Nilisema mu roho, hawa batu ba zamani, kwao afya ni mafuta tu, mutu akipunguka banaona kaburi. Nikabeba ile chai nikaimwanga.

Sasa nakuja kwa yenye ilinifanya nichukue kalamu. Kisha miezi kupita, Moustapha alianguka kule kilimani, jante mu mikono. Josaphat alimuteremusha mugongoni mpaka hospitali, bila kungojea gari, analia na kukimbia. Daktari akamupima, akamupitisha mu mashini, akauliza ni toka wakati gani hawezi kumaliza chakula. Nikajibu mimi, na kifua mbele. Nikasema hapana, Docteur, hiyo ni rejime, tunaifanya sisi wawili. Daktari akamuangalia Moustapha. Moustapha akaangalia ukuta.

Ni kansere ya tumbo, Yaya. Imetembea mbali. Daktari alisema kitu yenye inabaki ni kumupunguzia maumivu, na tukamurudisha nyumbani.

Kisha swala ya alasiri, batoto bakiwa inje, aliniita akaniambia yote. Ilianza mbele hatujajua salle. Ilianzia barabarani, kule Kasindi. Chakula ilikuwa inamukatala, anaitapika nyuma ya gari, anapangusa kinywa, anapanda anaendesha safari. Mushipi yake ilikuwa ishapita tundu ya mwisho mbele ya ile siku nilicheka juu ya sport. Alijua. Hakuenda hospitali juu alimuona mama yenu akifia kule kwa tumbo, na aliogopa aambiwe jina yenye aliambiwa mama. Aliogopa pia batu ba hapa, bataanza kumuzika na midomo, na matajiri batapeleka mizigo yao kwa gari zingine. Na akasema aliogopa wewe kushinda bote. Ungefunga nyumba yako kule Beni, ungekuja kuketi miguuni mwake vile uliketi kwa mama, na wewe ulikuwa ushachoka na kuzika.

Donc alikuwa anatafuta sababu ya kukonda yenye haitamuliza mutu. Asubuhi moja akiingia Butembo na gari, akakuta kundi ya batu banapanda kilima na training, banaimba, na batu banawapigia mikono. Akasema mu roho yake, nimepata. Njo ile sport yote. Njo ile rejime. Njo zile patalo nilikuwa napunguza nikiimba.

Nikamuuliza juu ya Idi. Alivuta shuka mpaka kifua. Kisha akasema, batu bote balikuwa banaona sport, Yaya peke aliniona mimi. Alisema alipokuona unalia, alikupiga na maneno juu angekuacha dakika moja tena, angeanguka kwa magoti yako na kusema yote mbele ya bageni. Hayo njo nilitaka uyajue. Ile siku ulipofukuzwa, haukukosa hata kitu.

Nilikasirika pia, nisikufiche. Nikamuambia, kama ilikuwa uongo wako, sababu gani ulinivuta mimi ndani, na umri wangu huu, na kamba. Akatafuta mukono yangu. Akasema, ya kwako haikuwa uongo. Sukari yako ilikuwa ya kweli, na nilitaka nikuache na nguvu.

Na ameniacha nayo, Yaya. Wiki iliyopita daktari alinipima, akasema sukari imeshuka, moyo inapiga vizuri, akanipongeza. Nilisikia haya kupongezwa, yeye akiwa anaisha. Lakini hii mikono yenye ilijifunza kwa mikebe ya simenti, njo inamuinua asubuhi kwa kutawaza, inamugeuza kuelekea kibla, inamurudisha bila kumuumiza. Amekuwa mwepesi kuliko ile jante. Solange alikuja juzi kunisaidia kufua shuka, hakunitania.

Moustapha hajui kama naandika. Alinikataza, anasema kiapo chako alikistahili. Mais kila gari ikisimama kwa mulango anageuza kichwa. Juu ya kiapo, nilienda kumuuliza Shehe. Alisema kinafunguliwa kwa kulisha masikini. Kama unakubali, walishe wale bakimbizi bako mu chumba ya nyuma, na ukifika hapa mimi pia nitapika, bugali ya kujaa na nyama yenye mafuta, yote yenye hatukukula, tuwape batu kwa jina lako.

Na ukija, Yaya, usijizuie. Keti pale ulikuwa umeketi, karibu na mulango, na ulie. Mutu akisema unaita kifo, nitamujibu mimi. Moustapha aliniambia kama ile siku, mu ile kelele yote ya bravo, kilio yako njo ilikuwa kitu moja ya kweli, na angependa kuisikia tena angali na masikio.

Jana alinionyesha patalo ya kijivu, imeteremuka tena. Nikachukua mukasi. Akasema, acha, mama Aisha, imetosha. Nikaikunja nikaiweka. Nguo yenye inabaki, ile nyeupe, sisi hatuishonaka.

Salimia jirani bote, na uniwekee mukono kwa vichwa vya bale batoto ba bakimbizi. Jamali atalala Beni, kesho atapita kwako mbele ya kupakia. Umupatie jibu, hata kwa kinywa, hata neno moja. Nakuomba unijibu mbio.

Ni mimi mudogo wako, mwenye kukungoja,

Rachida