Kidole cha Leonia

Igalula, 9 Julai 1951

Baba Leonia,

Tumsifu Yesu Kristo. Mtama tumevuna, mbuzi mweupe amezaa, na blanketi ulilotuma kutoka mashamba ya mkonge limefika.

Usishtuke ukisikia kwa watu kwamba tulikwenda hospitali Tabora. Leonia aliumia kidole. Mimi na wifi Pelagia tulimfunga kitambaa, tukapanda treni. Njia nzima damu ilikuwa inapenya, naye halii, ananitazama tu. Niliogopa ule ukimya kuliko damu. Nilijua watakikata.

Hawakukikata. Daktari alisema mfupa ni mzima, ukucha utaota tena. Aliponiuliza ilikuwaje, nikasema alibanwa na mlango. Mama yako naye nimemwambia hivyo hivyo. Wifi alikuwapo, akanyamaza.

Wewe siwezi kukudanganya. Mimi na wifi tulikuwa tunatwanga katika kinu kimoja, mchi wake, mchi wangu, na mtoto anaokota punje ukingoni. Treni ya kutoka pwani ikapiga honi. Nikageuka kutazama njia ya stesheni, kama ninavyofanya kila ikilia, huenda umekuja. Mchi wangu ulikuwa tayari unateremka.

Kidole kinapona. Lakini asubuhi hii nilipoinua mkono nimvishe gauni, alificha mikono yote miwili mgongoni.

Njoo, Modest. Au niandikie kwamba huji, nisigeuke tena.

Mkeo,
Apolinaria