Mtoto Aliyenionjea Soda

Kabeza, Kigali, 1993

Mke wangu Mama Shabani,

Pokea salamu za mumeo, dereva ambaye milima yote ya Rwanda inamjua kwa honi. Mwili wangu ni mzima. Je, wewe na Shabani hamjambo? Mama mkwe kifua kimepoa?

Najua redio inakutisha na habari za vita. Usihofu sana, askari wa vizuizini nawachekesha na wananipitisha. Kilichonitetemesha mimi ni chupa ya soda.

Jumapili mchana, mwenye nyumba wangu Mama Claudine alinikaribisha sebuleni. (Usinune, ni mama wa makamo na hana habari na mimi.) Huku watu wanaogopa sumu kuliko risasi. Mwenyeji hakupi kinywaji mpaka akionje kwanza mbele yako, uone hakukuwekea kitu. Basi akamtuma bintiye Claudine, wa miaka minne, akaniletee soda jikoni. Yule mtoto ni rafiki yangu, namfundisha kupiga miluzi. Kumbe jikoni chupa mbili zilisimama pamoja. Moja ilikuwa na kizibo cha chuma, nyingine imezibwa kwa karatasi, naye akachukua ile rahisi. Akaja mpaka mbele yangu, akafanya kama anavyomwona mama yake: akainua chupa, akaonja. Akameza funda zima, maana alitaka nimwone.

Yalikuwa mafuta ya taa. Wao wanayaita peteroli, na dukani unapimiwa katika chupa yoyote uliyokwenda nayo.

Akakohoa mpaka macho yakawa mekundu. Mama yake akapiga yowe, majirani wakajaa. Mmoja akasema ni sumu, na wote wakanigeukia mimi, mgeni aliyeletewa soda hiyo. Wakaleta maziwa, kwani huku ndiyo dawa ya kila sumu: mtoto anyweshwe mpaka atapike. Jirani mmoja alikuwa tayari ametia kidole kinywani mwa Claudine. Nikamnyang'anya mtoto.

Mama Claudine akanishika shati. "Wewe Mtanzania, mtoto iko nakufa, unakataa maziwa?"

"Akitapika ndiyo atakufa. Mafuta yatapanda yaingie mapafuni."

Unamkumbuka Hamisi, utingo wangu? Alivuta dizeli kwa mpira akaimeza, nasi tukamtapisha kwa nia njema. Kifua kikajaa, tukamzika. Lakini ile ilikuwa dizeli, na Hamisi alikuwa mtu mzima. Mimi ninayejidai najua kila kitu toka Mombasa mpaka Bujumbura, mke wangu, pale sikuwa na hakika.

Nikamvua gauni lililolowa, nikamwosha ngozi na midomo kwa maji, nikampakata ameketi wima. Chupa nikaichukua, tukapanda gari la jirani kwenda hospitali. Kizuizini askari akainusa akauliza nakwenda kuchoma nini. Mzaha wote ulinikimbia. Nikamwonyesha mtoto, akatupisha. Alikuwa anapumua kwa kukwaruza, midomo imebadilika rangi.

Mama Claudine akasema taratibu, bila kunitazama, "Akifa, ni wewe."

Nikamwambia ndiyo.

Daktari alinusa chupa, akauliza kama tumemtapisha. Nikasema hapana. Akasema afadhali, akamchukua ndani, mlango ukafungwa. Tulikaa nje kwenye benchi mimi na yule mama, na sikuthubutu hata kukohoa.

Claudine amerudi nyumbani. Bado anakohoa, nami kila akikohoa nasimama.

Sasa anayekusomea barua hii anyamaze kidogo. Inuka, kaitoe chupa ya mafuta iliyo chini ya kitanda chetu. Yatie kwenye galoni lenye kifuniko, uweke juu, na yasiingie tena katika chupa ya kunywea. Mtoto yeyote akiyanywa, usimtapishe, usimpe maziwa wala mawese. Mvue, mwoshe, mkalishe, kimbia naye zahanati na chombo cha mafuta hayo mkononi.

Ukisharudi, aendelee kusoma. Nisalimie mama mkwe, shemeji fundi baiskeli, na shangazi muuza dagaa, mwambie bado namtafutia mchumba wa Kigali mwenye meno yote.

Nijibu upesi. Usihangaike na maneno mengi, anayekusomea aniandikie tu kwamba chupa umeitoa, na Shabani anapumua vizuri.

Mumeo akupendaye,
Baba Shabani