Bolti ya Pikapu ya Clarrie

Wirrabilla, kaskazini mwa Wilcannia
2 Septemba 1987

Shemeji Lindsay,

Habari za huko Tasmania na baridi yake? Mgongo umepona? Mimi mzima, ila magoti yananikumbusha umri. Mvua haijaonekana tangu Machi na kondoo wanalamba vumbi, lakini hilo kwako si jipya.

Najua kwa miaka kumi na sita tumetumiana kadi za Krismasi tu. Leo nina shida. Jill amefikisha miaka kumi na minane na ameing'ang'ania pikapu ya baba yake. Tangu walipoivuta kwa trekta kuirudisha nyumbani ile Januari ya mazishi, sijamruhusu mtu kufungua boneti. Nikipita karibu na banda naharakisha miguu, na mbwa haingii kabisa. Sasa mtoto ananiambia kwamba kitu pekee alichoachiwa na kaka yako Clarrie kimefunikwa turubai, nami nimekubali.

Amenunua betri na plagi. Anasema lazima tuseti na taimingi, ili moto uwake kwenye injini kwa wakati wake. Wewe ndiye uliyekuwa fundi wa nyumba hii, basi tuelekeze. Spana ya baba yenu, ile yenye utepe mwekundu, haijaonekana tena tangu mwaka ule, lakini Jill anazo zake.

Shemeji yako,
Merle

Burnie
19 Septemba 1987

Shemeji Merle,

Salamu nyingi kwako na kwa Jill. Mgongo haujambo. Huku mvua inanyesha hadi tumeichoka, ningekutumia kidogo kama posta ingekubali kuibeba.

Ningependa mliuze gari hilo. Lakini nakujua ukishaamua. Basi safisheni puli ya mbele, lile gurudumu dogo la mkanda wa injini, mpake chaki kwenye alama yake. Distribyuta ni lile kopo linalotoka nyaya nene za plagi. Chini yake kuna bolti moja inayolishika. Jill ailegeze kidogo, awashe injini, kisha alizungushe kopo kwa mkono, taratibu, huku na huku, hadi injini ivume bila kukohoa. Hapo akaze bolti. Apande kwa gari kile kilima cha kisima; injini ikigongagonga kwa ndani, arudishe kopo nyuma unywele mmoja. Kipimo hamkihitaji, sikio linatosha.

Jambo moja. Kabla hamjaweka spana kwenye bolti hiyo, ijaribu kwa vidole. Wewe mwenyewe, si Jill. Halafu uniandikie kama ilikuwa imekazwa.

Shemeji yako,
Lindsay

Wirrabilla
6 Oktoba 1987

Shemeji Lindsay,

Hujambo? Sisi hatujambo, isipokuwa Jill ameungua mkono kwa sababu ya kuoka mikate huku akili yake iko bandani.

Jumapili tulifungua boneti. Ndani mlikuwa na viota vya panya na mchanga mwekundu. Nilipofungua mlango wa gari nilikutana na harufu ya Clarrie, Lindsay, tumbaku yake na ile sabuni ya kunyolea, kana kwamba ameshuka sasa hivi kwenda kufungua geti. Nilikaa juu ya ndoo, kisha nikaanza kufuta mchanga.

Bolti nimeijaribu kama ulivyosema. Ilizunguka kwa vidole viwili kama kifuniko cha chupa ya jemu, na kopo lenyewe linacheza. Ndivyo inavyotakiwa kuwa? Jill anangoja jibu lako kabla ya kuwasha.

Shemeji yako,
Merle

Wirrabilla
15 Novemba 1987

Shemeji Lindsay,

Wiki sita sasa, hakuna barua. Unaumwa? Au ni lile swali langu la bolti? Kama nimeuliza upuuzi, nicheke, nimezoea. Lakini usininyamazie tena miaka kumi na sita.

Shemeji yako,
Merle

Burnie
8 Desemba 1987

Shemeji Merle,

Sina uso wa kukusalimu, lakini nakusalimu.

Jumamosi ile ya Januari nilikuwa naseti taimingi ya pikapu. Uliniita kwamba chai inapoa. Nikaiacha bolti imeshikwa kwa vidole tu, nije nimalizie baada ya kula. Nikiwa mezani, Clarrie akaondoka na gari kwenda uzio wa mbali. Bolti isipokazwa, mtikisiko hulisogeza kopo, moto unakosa wakati wake, injini inazima na haiwaki tena. Yaliyofuata unayajua. Aliliacha gari akaanza kutembea kwenye joto lile, na wakamkuta siku ya tatu.

Nilijiambia labda niliikaza na nimesahau. Hiyo labda ndiyo iliyoniweka hai, na vidole vyako viwili vimeiondoa. Kila Januari nasikia injini inashika, inakohoa, inazima. Nageuka, na hakuna gari. Nilimuua kaka yangu, Merle, kisha nikabeba jeneza lake. Usinijibu kama hutaki.

Lindsay

Wirrabilla
20 Desemba 1987

Lindsay,

Heri ya Krismasi, na unisikilize. Jana Jill alikuwa anatoa viota vya panya, akaikuta spana ya baba yenu, ile ya utepe mwekundu, imenasa kando ya injini, chini ya bolti ile ile. Unaona maana yake? Clarrie alikwama, akaichukua nyuma ya kiti, akailegeza bolti mwenyewe ajaribu kuseti. Unamjua alivyokuwa, hata saa ya ukutani aliifungua ikiwa nzima.

Kwa hiyo wewe uliikaza. Kilichozima gari hatutakijua kamwe. Spana nimeitundika jikoni. Habari za kuua sitaki kuzisikia tena nyumbani kwangu. Njoo ule pudingi ya Krismasi au ubaki huko na mvua yako, lakini lala usingizi.

Dada yako,
Merle

Burnie
3 Januari 1988

Dada Merle,

Natumai hamjambo na joto halijawamaliza. Mimi afya ninayo.

Nilipofika kwenye neno spana, niliinuka nikafungua droo. Spana ya baba yenye utepe mwekundu ninayo mimi. Niliitia mfukoni uliponiita mezani Jumamosi ile, nikaikuta humo siku ya mazishi, nikaondoka nayo. Haijarudi Wirrabilla hata siku moja. Hivi ninavyoandika, imekandamiza karatasi isipeperuke.

Kwa hiyo najua kwamba unajua ni mimi. Wewe ambaye hujawahi hata kumsifia jirani keki mbaya, ulikaa kwenye meza ile ile ukaniandikia uongo ili nilale. Miaka yote hii nilichokiogopa ni siku utakayojua. Siku yenyewe imefika, na umenialika pudingi. Nimelia, dada yangu, sikufichi.

Napanda meli ya Alhamisi. Mwambie Jill asiwashe injini, na bolti ile asiiguse. Nakuja na spana. Nitaikaza mwenyewe.

Mdogo wako,
Lindsay