Wavu wa Baba Mlangoni mwa Hori

Kijiji cha Bagongsapa,
Ghuba ya San Miguel,
Bicol.
9 Mei 2019

Mpendwa kaka Rodel,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mgongo wako unaendeleaje na hiyo kazi ya kupakua mizigo huko Kaohsiung? Mama anauliza kama unakula wali au unaishi kwa tambi za pakiti. Sisi wazima wa mwili. Mimi kichwa ndicho kinaniuma, na nitakueleza sababu.

Unaijua kazi yangu ya chuoni. Ninaingiza mikondo ya ghuba kwenye kompyuta, kisha nafuatilia vifaranga wa kamba wanachukuliwa kwenda wapi baada ya kuanguliwa huko nje baharini. Miaka yote hii kijiji kizima kilinicheka. Shangazi Pacita alizoea kuniuliza kama kompyuta yangu inajua na kupika.

Mwezi uliopita majibu yalitoka. Karibu vifaranga wote wa upande wetu huingia kwenye mikoko kupitia mlango wa hori letu, ule mkono mwembamba wa bahari, maji makubwa ya bamvua yanapojaa. Wasipopita hapo hawakui, na mwakani hatutakuwa na kamba wa kuuza wala wa kusaga na chumvi tupate balaw ya kulia wali. Nikachapisha ramani, vitone vyekundu vimejazana pale mlangoni, nikaipeleka kwenye kikao baada ya misa. Nikawaomba pale pasitegwe kitu.

Kaka, safari hii waliniamini, na ndilo linalonikera. Kufikia Jumatatu mlango wote ulikuwa umezibwa kwa nyavu za macho madogo kama ya chandarua. Nilipofoka, Shangazi Pacita alinijibu huku anakung'uta wavu wake, "Wee Marivic, kama hukutaka tuvue, ulituonyesha ya nini?" Mwenyekiti naye ameibandika ramani yangu dukani kwake, pembeni ya picha ya Mtakatifu Roko.

Wavu wa kwanza kutegwa, ule mkubwa wa katikati, ni wa baba. Nilimwendea na hasira zangu, hata nikasahau kumwamkia kwa kuuweka mkono wake kwenye paji langu. Akacheka tu. "Siku zote wanasema mwanangu anapoteza muda na vitone. Nisipotega mimi, si watasema hata baba yake hamwamini?"

Nilirudi chumbani nikalia.

Bamvua inayofuata ni tarehe kumi na nane. Baba akiung'oa wavu wake, wenzake watang'oa, kwa sababu ndiye waliyemfuata. Mpigie simu kabla ya siku hiyo, tafadhali. Wewe anakusikiliza.

Msalimie wifi Liezel na umbusu mtoto. Mama na bibi Nimfa wanakuombea kila jioni. Mungu akutunze huko ugenini.

Mimi nimeshindwa kumwambia aung'oe, kaka. Kila nikifungua mdomo ananishika mkono, ananipeleka kwenye mtumbwi nikaione tena nguzo ya wavu wake. Ameipaka rangi ya samawati na kuandika jina langu kwa herufi kubwa.

Mdogo wako akupendaye hata akichoka,
Marivic