Kijivu Alivyotembea Uwanjani

Jumamosi usiku

Sikukosea kumwongoza Kijivu, punda wetu. Naandika ili kesho nisijidanganye.

Asubuhi nilimwosha kwa sabuni ya mche, nikampaka mafuta kwatoni. Manyoya ya mgongo, upande wa kushoto, yalikuwa yamelala kama chini ya kiganja. Niliyapiga brashi, yakalala tena.

Baba alishasema: punda asipotembea vizuri kwenye maonyesho ya mifugo, anauzwa Jumatatu. Tangu tumzike babu, Kijivu amekuwa mkaidi.

Uwanjani nilisimama kushoto kwake, kama kitabu cha mifugo kinavyoelekeza. Akanisukuma kwa kichwa mpaka nikahamia kulia. Watu wakacheka, mmoja akapaza sauti:

"Wewe dada, nani anamwongoza mwenzake hapo?"

Kila baada ya hatua kumi alisimama, akageuza shingo kushoto, akatulia, kisha akaendelea. Nilivuta kamba, wapi!

Bwana mifugo, aliyekuwa jaji, akatufuata.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nani amemfundisha kumsubiri mtu?"

Babu alikuwa na mguu mbovu. Alikuwa akienda hatua kumi, anapumzika, mkono mgongoni kwa Kijivu, upande wa kushoto.

Hatukupata zawadi. Njia nzima ya kurudi kijijini kwetu Nambis baba alitembea kulia, nyuma yangu, na kila Kijivu aliposimama, naye alisimama.

Nyumbani niliingia na punda. Baba akaendelea kulishika geti likiwa wazi, kama bado kuna mtu wa kuingia.

"Huyu hauzwi," akasema, ndipo akalifunga.