Baba, Pikipiki Yako Imewaka

Baba,

Shikamoo. Sijui huko uliko wanaitikiaje, lakini umenilea hivyo, siwezi kuanza kusema na mtu mzima bila shikamoo, hata kama mtu mzima mwenyewe amelala nyuma ya migomba na sijaenda kumwona tangu tulipomzika.

Nakuandikia kwa sababu ya pikipiki. Ile yako yenye tangi jekundu, tuliyoisukumia kwenye banda la ng'ombe ulipoanza kuumwa, kuku wakaifanya kiota. Nimeitoa. Nimeifungua yote, nati moja moja, mimi niliyeishia darasa la saba na ambaye sikuwahi kushika spana.

Nilirudi nyumbani na mtoto mgongoni. Anaitwa Aika, hukumwona. Baba yake alinipiga kofi mbele yake, na mimi sikungoja la pili. Unajua kwa nini sikungoja. Nilitaka kitu cha kunishusha sokoni Moshi na maziwa na maparachichi, nisimtegemee mtu. Pikipiki ilikuwepo. Na kulikuwa na sababu nyingine ambayo sikuweza kumwambia Mama: niliipenda.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinikalisha mbele, juu ya tangi, tukishuka Kahe kwenye mahindi? Mikono yako huku na huku kama uzio, joto la injini miguuni kwangu, wewe unaimba pambio na kukosea maneno makusudi ili nikusahihishe. Watu walikuita daktari wa ng'ombe. Nilikuona umelala kwenye tope, mkono wote ndani ya ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, unamnong'oneza, "Pole mama, pole, tunamaliza." Sikuwahi kukusikia ukimwambia Mama pole kwa sauti ile.

Kwa sababu jioni mlio wa pikipiki hiyo hiyo ukifika kwenye kona ya kanisa, Mama aliacha kila kitu akausikiliza. Ukija taratibu, aliepua chakula. Ukija unanguruma, alinisukumia kwenye migomba. "Lala chini. Usinyanyue kichwa." Nililala. Nilisikia sufuria, nikasikia mlango, nikasikia kichwa cha Mama kikigonga ukuta wa jikoni. Siku moja ulikuwa unasafisha cheni ya pikipiki uani, akakujibu neno, ukamchapa na cheni hiyo hiyo mpaka mkono wake ukavunjika. Ulipomaliza ulinawa. Ukauliza kama ndama amekunywa maziwa. Kisha ukairudisha cheni mahali pake, ukaipaka grisi.

Asubuhi ukaja na jani la sale. Kwetu hilo halichezewi. Mtu akikuletea sale kuomba msamaha, huwezi kulikataa, hata awe amemwaga damu ya ndugu yako. Ulisimama na baba mkubwa na mzee wa kanisa, jani mkononi, macho chini, mpole kama kondoo. Mama alilipokea kwa mkono wa kushoto, kwa maana wa kulia ulikuwa umefungwa mbao. "Nimepokea," akasema. Mkanywa pombe ya mbege, wageni wakaondoka. Baada ya hapo Mama hakuruhusiwa hata kununa. Na masale yenyewe ulikuwa unayakata kwenye mpaka wetu, Baba, yaliyopandwa kuwa uzio. Kwa ulivyoyakata, upande wa kwa jirani mpaka ulibaki wazi, mbuzi wakawa wanapita.

Basi mimi nikaanza kutengeneza. Sikujua kitu. Kabureta ilikuwa imeganda petroli ya zamani, ngumu kama gundi, nikawaza: nyumbani kitu kigumu tunakilainishaje? Nikachemsha maji, nikatia magadi kama tunavyolainisha kiburu, ndizi na maharage, nikaitumbukiza kabureta jikoni pale pale ninapopikia ndizi. Nilipoitoa ilikuwa nyeusi kama mkaa, imetoboka vishimo vishimo.

Mama akachungulia sufuria. "Unampikia baba yako kiburu?"

Akacheka. Sikumbuki kama niliwahi kumsikia akicheka akikutaja. Na fundi wa Majengo, Fundi Massawe, nilipompelekea, aliita wenzake wote. "Njooni muone! Huyu dada ametia magadi kwenye kabureta! Dada, hukuweka na chumvi?" Nikamwambia acha kelele, nitafutie nyingine. Akanitafutia. Akanionyesha kusugua tangi kwa msasa, kubadili gasketi, kuchanganya petroli na oili maana injini hii bila hivyo inajiua yenyewe. Mkono wangu uliumia, kucha ikang'oka. Nilifurahi sana, Baba. Usiku nililala nikinuka petroli, Aika ananinusa shingoni.

Lakini Mama aliponiona nafungua cheni, alileta koleo la jikoni, akaibeba kama mtu anavyobeba nyoka, akaitupa kwenye shimo la choo. Aliporudi akasema, "Mwanangu, utengeneze. Kufuta vumbi sikukatazi. Lakini siku kitu hicho kikilia hapa uani, mimi nahamia kwa dada yangu Mabogini. Sirudi."

Nilijua hatanii. Na bado niliendelea, nikanunua cheni mpya. Nilijidanganya kwamba nikiipaka rangi nzuri, nikibadili siti, Mama ataona ni pikipiki nyingine. Sikufikiri kwamba macho si kitu. Ni masikio.

Jumamosi Fundi Massawe alipanda huku kwetu kunisaidia. Tangi linang'aa, unaweza kujitazama ndani yake. Mama alikaa mlangoni na furushi lake limefungwa tayari, Aika akicheza miguuni pake. Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena kwa mguu wote, kwa hasira. Ikashika.

Baba, ilikuwa wewe. Ilikuwa wewe unaingia getini.

Nilipogeuka mlangoni hapakuwa na mtu. Mama alikuwa kwenye migomba, kifudifudi, amemlalia Aika, mkono juu ya kichwa cha mtoto, anamwambia, "Usinyanyue. Usinyanyue kichwa." Mwanangu analia hajui analilia nini.

Nilizima. Nikamwambia fundi, "Ipakie. Waite wa chuma chakavu." Nilimaanisha.

Mama akainuka. Udongo shavuni, kitenge kimelegea. Akanipa mtoto, akamtazama fundi.

"Hebu nipe hiyo nyundo."

"Ya nini, Mama?"

"Nimekuomba nyundo, sijakuomba maswali."

Pigo la kwanza lilitua kwenye taa, vioo vikaruka. La pili kwenye tangi. Fundi akarukia koki ya petroli kuifunga, huku analia kabisa, "Mama, rangi mpya hiyo! Mama, jamani!"

"Nyamaza! Nitakufikia na wewe!"

Akapiga. "Hii ya mkono wangu!" Akapiga. "Hii ya mimba ile!" Mimba hiyo sikuijua, Baba. Nimeijua siku hiyo, kwa nyundo. "Hii ya jikoni! Hii ya mbele ya mtoto!" Tangi lilibonyea, rangi ikabanduka, jasho likamtoka, kilemba kikaanguka, naye akazidi kupiga kwa mkono ule uliounga vibaya. "Na sikupokea! Sikupokea hata moja! Niliwaambia wazee nimepokea, sikupokea!"

Alipochoka akakaa chini, akaliegemea gurudumu. Fundi alikuwa amevua kofia.

Kisha akasema, "Washa."

"Mama, si lazima."

"Washa, nisikie."

Fundi akafungua koki, nikapiga kiki. Ikawaka tena, na makovu yake yote. Mama alifumba macho. Alitetemeka, sikudanganyi, mabega yote. Lakini hakukimbia. Alikaa akausikiliza mlio mpaka ukawa mlio tu.

Sijui nikwambie nini, Baba. Nakukumbuka ukiimba, na nakukumbuka ukinawa mikono. Vyote viwili ni wewe, na nimechoka kuchagua. Msamaha ni wa Mama, sitakuombea. Kilicho changu ni mikono hii, inayojua sasa kufungua kitu kilichoganda na kukirudishia uhai, na mtoto ambaye hatalala chini kwenye migomba tena. Nalisema hilo nikiwa mzima wa akili.

Jumatatu tulishuka Moshi, mimi, maziwa, na Mama nyuma amenikumbatia kiuno mpaka mbavu zikauma. Tulipofika kona ya kanisa, wanawake wakatoka majumbani. Waliujua mlio. Mmoja alikuwa tayari amewaita watoto wake ndani. Nilisikia Mama akinyanyuka kwenye siti nyuma yangu, akapaza sauti kuishinda injini na upepo:

"Ni sisi! Msiogope! Ni sisi!"

Pumzika huko uliko. Huku tunaendelea.

Binti yako,
Mama Aika